Kinywani mwa Nives

Pradolin, 8 Desemba 1973

Binti yangu Delfina,

Tangu ulipopanda basi siku ya pili baada ya mazishi hatujapata neno lako, lakini posta ya nchi hii tunaijua, kwa hiyo sikulaumu. Sisi miili yetu ni mizima. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni. Nguruwe tumemchinja Jumanne, kwa kuchelewa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kazi hiyo, na soseji zinaning'inia juu ya meko. Mama yako mkubwa Gilda anakusalimu. Jicho lake la kushoto limefungika kabisa, na la kulia linaona mwanga wa dirisha, basi. Anatembea nyumbani kwa kugusa kuta na hataki kushikwa mkono.

Nimekaa mezani kwa sababu moja. Watu wa kijiji wametuletea picha za Nives, kila mtu aliyekuwa nayo: ya komunio ya kwanza, ya shule, ya kuvuna nyasi. Picha ni mali ya mwenye macho. Gilda anazipapasa, kisha anazirudisha kwenye bahasha. Juzi wakati wa chakula aliniuliza, "Ottavio, sauti ya Nives ilikuwaje alipokuwa anaanza kukasirika?" Nami niliyeisahihisha sauti hiyo kwa miaka ishirini sikuweza kumweleza.

Unajua kwamba ile filamu ya mauaji aliyoigiza Nives sikutaka itajwe nyumbani mwangu. Mwalimu aliyestaafu hawezi kufurahi kwamba bintiye anachomwa kisu mbele ya watu wanaokula karanga. Lakini mwanangu amekufa kwa gari kuteleza barabarani mwezi mmoja baada ya kazi ile kwisha, na filamu hiyo ndiyo mahali pekee duniani ambapo sauti yake imebaki. Hatukuwa na kinasa sauti. Mara ya mwisho kumsikia ilikuwa Pasaka.

Wewe umo katika kazi hizo. Najua kazi yako ni kuwasemea waigizaji wa kigeni kwa lugha yetu ili tuwaelewe. Nives hakuhitaji mtu wa kumsemea. Lugha nilimfundisha mimi. Niandikie filamu itatoka lini na itafika lini mjini Tolmezzo. Nataka Gilda akae kitini amsikie binti yake. Sina ombi lingine.

Vaa sufu, Roma nako kuna baridi ingawa wenyeji wanakana.

Baba yako mkubwa,
Ottavio Zanier


Roma, 6 Januari 1974

Baba mkubwa mpendwa,

Nisamehe, barua yako ilinifikia tarehe ishirini na tisa na tangu hapo imekaa chini ya kikombe changu. Natumaini theluji imeacha kuwafungia ndani. Huku serikali imekataza magari siku za Jumapili kwa sababu ya mafuta, na mji mzima unatembea kwa miguu. Leo asubuhi nilimwona mzee mmoja amekuja kanisani juu ya punda, kofia kichwani, na polisi akampigia saluti. Mimi ni mzima. Nakohoa kidogo, na kwa kazi yangu kukohoa ni dhambi.

Umeuliza kuhusu filamu. Inaitwa *Ukungu Saba wa Novemba*, na itaanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwezi wa pili. Tolmezzo labda mwezi wa tatu. Nives anaonekana kwa dakika kumi na moja. Mwongozaji, Bwana Bassanelli, ni mtu wa ajabu. Wakati wa kazi waigizaji walimuuliza muuaji ni nani, akawaambia bado hajaamua. Alisema hadithi ni msumari tu, na yeye anachotaka kutundika ni giza. Walikaa wiki tatu kando ya ziwa wakisubiri ukungu wa kweli, kwa sababu ule wa mashine ulikuwa unapanda juu, na yeye alitaka ukungu unaotambaa. Kuna taa moja ya kijani ndani ya ngazi, na hakuna anayejua inatoka wapi. Nives anateremka ngazi hizo akiwa na mshumaa. Baba mkubwa, ni mzuri kiasi kwamba fundi wa taa alilia, na yule ni mtu wa kuvuta sigara na kutukana.

Lakini si filamu ya Mama mkubwa. Kuna glavu nyeusi, kuna wembe, kuna muziki unaokwaruza. Kwa asiyeona itakuwa ni kelele tu. Tafadhali mwache abaki na ukumbusho alio nao.

Mbusu kwa niaba yangu. Msile soseji zote.

Delfina


Pradolin, 27 Januari 1974

Binti yangu Delfina,

Barua yako imefika baada ya siku kumi na tano. Nashukuru kwa habari za punda. Gilda alicheka, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Novemba. Ng'ombe wa Beppo mchinja nguruwe amezaa ndama wawili, wote majike. Kikohozi chako kinatibiwa kwa maziwa ya moto na asali, si kwa kukitaja katika barua.

Hukujibu nililouliza. Niliuliza kuhusu sauti, ukanijibu kuhusu taa. Ungekuwa darasani kwangu ningekurudishia karatasi.

Unasema itakuwa kelele kwa asiyeona. Mtu aliyemzaa hasikii kelele. Kama Nives anasema maneno kumi katika dakika hizo kumi na moja, maneno kumi yanatutosha. Usiogope kwa ajili yetu. Nimeona vita viwili, na damu ya rangi haiwezi kunitisha. Gilda anasema kwamba anapofika pale pa kisu ataziba masikio, na mimi nitamgusa bega pakipita.

Ameanza kujiandaa. Amenishonesha kitufe cha koti lake jeusi, kisha akakigusa na kuniambia nimekishona vibaya. Watu wa kijiji wote wanataka kwenda pamoja nasi. Hata padri, aliyehubiri dhidi ya filamu za namna hiyo, ameuliza kama kutakuwa na nafasi garini.

Baba yako mkubwa,
Ottavio Zanier


Roma, 2 Machi 1974

Baba mkubwa,

Naandika kwa haraka, nisamehe mwandiko. Mimi mzima, nyinyi natumaini wazima.

Msiende. Nakuomba kama ambavyo ningemwomba baba yangu marehemu: usimpeleke Mama mkubwa kwenye filamu ile. Siwezi kukueleza sababu kwa karatasi. Kuna kitu nilikuwa nakitafuta kwa ajili yenu, nimekitafuta katika vyumba vyote vya kunasia sauti vya mji huu, na nilitaka nikipate kwanza ndipo niandike. Sijakipata. Nitakuja Pasaka, nikae nanyi jikoni, niseme mwenyewe. Nisubirini hadi Pasaka tu.

Delfina


Pradolin, 26 Machi 1974

Delfina,

Barua yako ya tarehe 2 Machi imefika leo asubuhi. Filamu tuliiona juzi, Jumapili.

Naanza na salamu kwa sababu adabu haiondolewi na msiba. Sisi ni wazima. Theluji imeyeyuka upande wa kusini.

Siku hizi magari yanaruhusiwa Jumapili kwa zamu; hiyo ilikuwa ya namba witiri, na gari la Beppo ni witiri, kwa hiyo tulikwenda watu tisa katika gari la watu sita. Wilma wa kilabu alimpakata Gilda njia nzima. Ukumbi ulijaa. Tulikaa mstari wa tano.

Nitakueleza kama nilivyoona, maana unastahili kujua ulichokifanya. Kwa nusu saa hakuna kinachotokea. Watu watano wanafika katika nyumba kando ya ziwa. Kwa nini wamefika hakuna anayesema. Milango inafunguka, mapazia yanapumua, maji ni meusi. Beppo alininong'oneza, "Mwalimu, hawa watu hawana kazi?" Glavu ilipotokea na wembe, akasema, "Huyu angekuja kwangu siku ya nguruwe ningemfukuza kabla ya chai. Tazama anavyoshika." Wilma akamwambia, "Nyamaza, Beppo, wewe ukikatwa hutoki damu, unatoka divai." Watu walicheka. Hata Gilda alitabasamu. Nami nilikaa nikitafuta kiima na kiarifu cha hadithi ile, sikuvipata.

Kisha Nives akateremka ngazi na mshumaa. Sikujua kwamba anatembea hivyo. Nyumbani alikuwa anakimbia ngazi, kila siku nikimkemea. Pale alishuka kana kwamba kila ngazi ilikuwa inamuuliza swali. Nilimshika Gilda mkono, nikamwambia, "Huyu hapa, amekuja. Sikiliza." Padri alivua kofia.

Nives akafungua kinywa akasema, "Nani yuko hapo?"

Gilda akaniambia, "Huyo ni Delfina."

Nikamwambia, "Nyamaza, Gilda. Ni Nives, namwona."

"Ni Delfina," akasema. "Na Nives yuko wapi?"

Nives alikuwa mbele yangu, mkubwa kama nyumba, na midomo yake ilikuwa inakwenda. Nilisikiliza kwa masikio ya kazi yangu, na kwa neno la tatu nilijua kwamba mama yako mkubwa yuko sahihi. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma baada ya baba yako kufia mgodini Ubelgiji. Naijua pumzi yako kabla ya neno.

Nilimgusa bega ili azibe masikio. Hakuziba. Ulipopiga ukelele alisimama. Kipofu, katikati ya watu mia mbili, akasema kwa sauti anayoitia kuku: "Delfina, toka humo. Toka humo, mwanangu, njoo kwangu." Kijana mmoja wa mbele akacheka. Beppo alikwenda akasimama mbele yake mpaka akaacha. Tulimtoa Gilda nje. Tangu juzi hajalala, kwa sababu akilala anasikia unachinjwa. Nimemwambia mara ishirini kwamba wewe ni mzima. Anasema, "Umeniambia pia kwamba nitamsikia Nives."

Wilma na wengine walipotoka walituambia, "Ni yeye kabisa, Mwalimu, ni sauti yake hasa." Walisema hivyo kwa wema. Sitawasahihisha.

Nataka jibu bila taa wala ukungu. Nani alikupa ruhusa ya kumwondolea mwanangu sauti yake?

O. Zanier


Roma, 7 Aprili 1974

Baba mkubwa,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na tangu siku hiyo sijui nikaeje. Sitaanza na habari za afya. Nisamehe adabu.

Hakuna aliyemwondolea Nives sauti yake peke yake. Sote tunaondolewa. Ulidhani tunawasemea wageni tu, na watu wengi wa nje ya kazi hii wanadhani hivyo. Katika filamu zetu hakuna mtu anayesikika kwa sauti aliyosema siku ile. Kamera inanguruma, mwongozaji anapiga kelele katikati ya tendo, mashine ya ukungu inakoroma. Kwa hiyo sauti zote hutiwa baadaye, chumbani, gizani, mtu amesimama mbele ya kipaza sauti akitazama midomo. Mara nyingine mwigizaji mwenyewe huitwa kujisemea. Mara nyingi huitwa mwingine. Nives alikuwa ameitwa ajisemee. Alifurahi mno. Tarehe yake ilikuwa 17 Desemba.

Alikuwa amekufa mwezi mmoja kabla.

Walinipigia tarehe 14 kwa sababu wanajua mimi ni ndugu yake Nives. Nilikataa. Mkuu wa chumba akasema, "Sawa, Delfina, hakuna ubaya, tutamwita yule msichana wa Livorno." Namjua. Ni hodari, na anatafuna peremende akisubiri zamu. Niliwaza mgeni ameingia kinywani mwa Nives na peremende yake. Nikasema nitakuja.

Kile kipande cha ngazi walikizungusha mbele yangu mara thelathini na nane. Mara thelathini na nane alishuka na mshumaa, akanitazama, akafungua kinywa, na ndani hamkuwa na kitu mpaka niweke mimi. Nilijaribu kusema kama yeye. Tulilala kitanda kimoja miaka tisa, Baba mkubwa, nilidhani ninaijua sauti ile. Sikuweza. Kila nilipoikaribia nilianza kulia, na fundi akasema, "Tunapoteza mkanda." Mwishowe nikasema kama mimi. Ukelele ule haukuwa wa kuigiza. Walitumia wa kwanza.

Kitu nilichokuwa nakitafuta ni hiki. Siku za kupiga filamu huwa wananasa sauti mbaya, ya kuelekeza tu, tujue mtu alisema nini. Humo Nives alikuwepo, na kelele zote. Nilitaka nikuletee huo mkanda hata kama ni nusu dakika. Lakini mikanda hiyo hufutwa na kutumiwa tena. Niliupata tarehe 1 Machi katika kabati, bado una karatasi iliyoandikwa tarehe na neno "ngazi". Fundi aliniwekea masikioni. Ulikuwa umejaa farasi. Wamenasa juu yake farasi wanaokimbia kwenye changarawe, kwa filamu nyingine. Niliusikiliza hadi mwisho endapo wangekuwa wamesahau kipande. Hawakusahau.

Nilipaswa kukuambia mwezi wa kumi na mbili. Niliogopa kuwanyang'anya kitu cha mwisho mlichokuwa mnakingoja, nikawaacha mkapande gari la Beppo. Hilo ni kosa langu, wala si la kazi yangu.

Nami nikuulize jambo moja, kwa kuwa tumekwisha kuambiana mengine. Nives alinipigia siku mbili kabla ya ajali. Alisema, "Nilipiga kijijini Jumapili. Baba ana kuni za kupanga." Akacheka kidogo, akazungumza juu ya viatu. Sikumwuliza zaidi. Je, uliongea naye?

Pasaka siwezi kuja. Sina uso wa kuingia jikoni kwenu.

Delfina


Pradolin, 15 Aprili 1974

Binti yangu Delfina,

Pasaka imepita. Sisi ni wazima. Tuliweka sahani yako mezani kwa sababu barua yako haikuwa imefika. Ilifika jana jioni kwa mkono wa Wilma, ambaye posta ilimwachia Jumamosi akasahau kwa shughuli za sikukuu. Gilda anakula kidogo. Nyasi zinaanza kuota.

Umejibu vizuri na kwa mpangilio. Nakuomba radhi kwa swali la mwisho la barua yangu. Sasa ninakujibu lako.

Jumapili tarehe 11 Novemba, Gilda akiwa kanisani, Wilma alipanda mlima yeye mwenyewe, aproni kiunoni, hana pumzi. Akasema, "Mwalimu, Nives yuko kwenye simu kilabuni, teremka."

Nikamwambia, "Mwambie ninapanga kuni."

"Mwalimu, ni Roma. Anasubiri na dakika zinakwenda."

"Basi ziende."

Alinitazama, akateremka. Kuni zangu zilikuwa zimepangwa tangu Septemba. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango nikisoma gazeti, na baada ya Wilma kuondoka nililisoma hadi ukurasa wa mwisho. Nilitaka binti yangu ajue kwamba mtu anayejiuza kwa kuchinjwa haitikiwi na baba yake kwa haraka. Nilifikiri ilikuwa somo. Nilifikiri nitamfundisha kwa wiki mbili, kisha Noeli aje.

Kwa miezi mitano nimeitafuta sauti ile kwa barua, kwa gari la Beppo, kwa mikanda yenu. Nilikuwa nimeletewa mlangoni kwangu.

Jana usiku, baada ya kumsomea Gilda barua yako yote, nilimwambia. Sikuwa nimemwambia. Sikutegemea kusamehewa, wala hakunisamehe, na sitakuandikia kwamba alinisamehe. Aliniuliza, "Alimwambia Wilma nini?" Delfina, sikuwa nimewahi kuuliza. Alfajiri tuliteremka wote wawili, yeye akishika ukuta wa barabara, tukamwamsha Wilma. Wilma alilia kwanza. Kisha akasema kwamba Nives alimjibu, "Haya, msimsumbue. Nitapiga tena Jumapili." Alikufa Ijumaa.

Nimeifikiria filamu yenu. Niliidharau kwa sababu haina kisa: watu wanafika, kuna giza zuri, mmoja mmoja anaondoka, wala hakuna anayeambiwa kwa nini. Nilitaka sababu, kwa sababu maisha yangu yote nimefundisha kwamba sentensi ina mwanzo na mwisho. Barabara ilikuwa na maji, gari likateleza. Hakuna zaidi. Bwana Bassanelli wako alijua kazi yake kuliko nilivyojua yangu.

Sasa nisikilize. Gilda bado halali. Nimemsomea kwamba ulisimama mbele ya kipaza sauti na kwamba hakuna aliyekugusa, lakini anasema barua husomwa na Ottavio, na Ottavio husema vitu. Anataka kukusikia wewe. Usimwigize Nives. Hata akikuomba, kataa. Mweleze umekula nini, kikohozi kimefikia wapi, jirani yako anapiga kelele saa ngapi. Sema mambo ya kawaida na yawe mengi. Mimi nikipewa zamu sitakuwa na la kusema, ila nitasikiliza.

Piga simu Jumapili tarehe 28, saa tano asubuhi, misa ikiisha. Ikiwa laini ni mbovu, piga tena, na tena. Wilma hatahitaji kupanda mlima. Nitakuwa nimesimama pale tangu saa nne.

Baba yako mkubwa,
Ottavio